Ngoja Ikauke: Mwaka Mmoja Bila Fundi Allah Wasaya wa Mahtab Studio

Mwaka umetimia, Baba Shakir, tangu ule ukungu wa baridi uingie uani kwetu usitoke hadi ulipokuchukua. Watu wa mji wetu wa Bahawalpur wamerudi kuota moto wa mabua ya pamba kwenye pembe za mitaa, kama mwaka jana, na kila tukisikia mtu anakohoa nje tunainua vichwa.

Mkeo ndiye anayeandika, kwa niaba ya nyumba nzima. Darasa lake unalijua liliishia wapi, kwa hiyo utauvumilia mwandiko wake kama ulivyouvumilia siku zote. Watoto walitaka tangazo fupi la gazeti, jina, aya, dua, basi. Lakini juu ya maneno haya ipo picha yako, na wanaokufahamu wataitazama na kuulizana: hiki kidoa chini ya jicho kimetoka wapi? Mbona Fundi Wasaya hakuwa nacho? Tusipoeleza, tutakuwa tumewapa watu sura bila mtu wake.

Ulikuwa fundi wa picha nyeusi na nyeupe, na hukutaka kuwa kitu kingine. Rangi zilipokuja na harusi zote zikahamia kwa wenzako wa barabara kuu, wewe ulibaki mji wa kale, ndani ya Lango la Farid, katika duka lako jembamba, benchi na pazia mbele, chumba cha giza nyuma. Wazee ndio waliobaki nawe. Na wafiwa pia. Mtu alikuja na kipicha cha marehemu kilichochanika kama jani kavu, nawe ukampiga upya, ukamkuza, ukamrudisha nyumbani kwake akiwa mzima. Hatujui umewarudishia watu wangapi wapendwa wao. Tunajua tu kwamba siku ya mazishi yako walikuja tusiowajua hata majina, na kila mmoja alisema, "Mama yangu yupo ukutani kwa mkono wake," au, "Kaka yangu yupo ukutani."

Kila ulipoizamisha karatasi kwenye dawa chini ya taa nyekundu ulisema Bismillahi. Sura ilianza kuja pole pole, kwanza nyusi, kisha macho, kisha mtu mwenyewe. "Hiyo si kazi yangu," ulikuwa ukisema. "Mimi bawabu tu. Nafungua mlango, anaingia aliyeandikiwa kuingia."

Halafu ulizileta picha nyumbani kwa mkeo. Vumbi la jangwa letu la Cholistan halijui kubisha hodi. Lilikaa juu ya filamu, na kila chembe ikaacha nukta nyeupe kwenye picha, mara puani mwa mtu, mara katikati ya ndevu. Mkeo alikaa dirishani baada ya adhuhuri na burashi yake yenye nywele zinazohesabika, akaichovya kwenye wino uliozimuliwa, akazifunika zile nukta moja moja mpaka uso ukatakata. Wewe ulisimama nyuma yake na kikombe cha chai.

"Mimi nawapiga picha," ulimwambia, "wewe unawanawisha uso."

"Basi nilipe kama mtu wa hamamu."

"Nakulipa. Nani amekupikia hii chai?"

Chai yenyewe ilikuwa mbaya. Aliinywa.

Kitu kingine ulichokileta nyumbani ni harufu. Ile dawa ya kuzuia picha isiendelee kuiva ilikuwa ya uchachu, na mikono yako ilinuka siki tangu siku ya harusi yenu. Mama yako, Mungu amrehemu, alidhani bi harusi atalalamika. Hakulalamika. Aliizoea mpaka ukichelewa aliijua saa ya kurudi kwako kwa pua kabla ya sikio.

Na wote tuliokaa nawe tulikuwa na neno lako moja. Picha ikitoka majini inang'aa, nyeupe yake nyeupe kweli, na mteja mwenye haraka husema hiyo hiyo, nipe. Hukumpa. Ulijua ikikauka itaingia weusi kidogo, uso utazama. Kwa hiyo ulikuwa ukiichapa nyepesi kuliko unavyotaka, ili ikauke ifike unapotaka. "Picha mbichi ni mwongo," ulisema. "Ngoja ikauke." Ukalitumia neno hilo kwa kila kitu. Ndugu yako Khuda Bakhsh alipokuja kufoka kuhusu ukuta wa mpaka, mshipa umemsimama, wewe ulimwekea mto akae. Binti yako Nusrat alipokataa mchumba na nyumba ikawaka moto, ulitoka nje kumwagilia mndimu. "Ngoja ikauke." Khuda Bakhsh alirudi kesho yake na miwa. Nusrat aliolewa na yule aliyemtaka yeye.

Kisha karatasi zikaacha kuja. Muuzaji wa Lahore alisema leo, akasema wiki ijayo, mwisho akaacha kupokea simu. Na kifua chako kikaanza kufanya sauti ya mlango usiotiwa mafuta. Daktari alikwambia zile dawa na mapafu yako haviwezi kukaa chumba kimoja tena, uchague. Ulirudi, na hata chakula hukugusa.

Mwanao Shakir ndiye aliyeleta printa. Aliisafirisha kutoka Lahore akiwa ameipakata ndani ya basi kama mtoto mgonjwa, imefungwa mfarishi. Aliiweka mezani pale dukani akakueleza: filamu ni zile zile, kamera ni ile ile, ila negativu itasomwa na kompyuta na picha itatoka hapa, kwa wino mweusi na vijivu vyake. Hakuna maji wala dawa. Hakuna giza.

Ulikaa ukaiangalia ikitoa karatasi yake ya kwanza, mstari kwa mstari.

"Inatapika," ulisema.

"Abba, inachapa."

"Mtu anatoka paji la uso kwanza, halafu pua, halafu kidevu, kama anayechinjwa kwa vipande. Umewahi kuona mtu akizaliwa hivyo?"

Rafiq wa mgahawani, aliyekuja na birika lake, aliingiza kichwa. "Fundi, sasa mashine inafanya kazi, wewe utafanya nini?"

"Nitakaa kwako nikunywee chai bure."

"Basi irudisheni Lahore," Rafiq akasema.

Lakini ulijifunza. Mikono yako iliyojua kusoma maji ilijifunza vitufe. Na hapo ndipo ulipofanya kosa ambalo hakuna kijana angeweza kulifanya, maana lilihitaji umri mzima ndani ya chumba cha giza. Picha zako zote zikatoka nyepesi. Nyuso zikawa kama zimepigwa unga. Mama wa maharusi walifurahi sana, wakaanza kurudi wale waliokuhama. "Fundi," mmoja alisema, "mashine yako ina baraka, binti yangu ametoka mweupe kama maziwa. Usiiguse."

Haji Mureed hakufurahi. Alikuja na picha yake mkononi, akaiweka juu ya meza.

"Wasaya, huyu ni nani?"

"Ni wewe, Haji."

"Mimi nimelima pamba maisha yangu yote. Jua limenipika mpaka nikaiva. Wewe umenirudisha mbichi. Mke wangu ameuliza kama nimeleta picha ya posa."

Ulimlaumu Shakir. Shakir akailaumu kompyuta. Mlivuta vitufe mpaka mkagombana, kila mmoja akala peke yake. Jioni mkeo alizipanga zile picha dirishani, mahali pake pa zamani, akazitazama. Kazi ya burashi hakuwa nayo tena kwa sababu kompyuta ilifuta vumbi yenyewe, lakini jicho lilikuwa halijastaafu. Akaona pia alama za vibanio pembeni: ulikuwa umezining'iniza kwenye kamba yako tangu asubuhi, picha zilizotoka kavu.

"Baba Shakir," alikwambia, "bado unaogopa maji. Hapa hakuna maji."

Uliigusa alama ya kibanio. Kisha ukacheka, cheko lile la zamani, mpaka likageuka kikohozi na Shakir akakimbilia glasi. Ulikuwa unazichapa nyepesi ukingoja zikauke. Mkono ulikuwa unakumbuka bahari isiyokuwepo.

Baada ya hapo ulielewana na ile printa, kama mtu anavyoelewana na mkwe. Kilichokupatanisha nayo kabisa ni karatasi. Shakir alipata boksi la karatasi nene isiyong'aa. Ulichukua moja ukaipitisha shavuni. "Hii ni pamba," ulisema. "Shakir, hii ni pamba." Ukachapa picha ya vibarua wa kike wakichuma kule Yazman, uliyoipiga ujanani. Weusi wa shuka zao ulikuwa weusi wa kisima. Ukaishika kwa mikono miwili, hukusema kama ni nzuri wala mbaya. Ulisema tu, "Pamba imerudi kwa wachumaji." Tulijua umeridhika, ingawa siku ile uliingia chumba cha giza ukafunga mlango.

Mkeo hakukwambia jambo moja ulipokuwa hai, basi atakwambia hapa. Mikono yako iliacha kunuka siki. Ilinuka sabuni, kama ya mtu yeyote. Alishukuru kwa ajili ya kifua chako, akaswali rakaa mbili za shukrani, na katika sijda akalia.

Inaonekana nawe ulikuwa na yako. Wiki ile ya mwisho, ukungu umeshuka mpaka kwenye paa, uliomba upelekwe dukani. Tulikukataza, ukaomba tena, na mtu aliyekuwa hajawahi kuomba kitu mara mbili hakataliwi. Shakir na mkeo walikushika huku na huku. Uliketi ndani ya chumba cha giza, mabeseni yako yamepinduliwa ukutani, na ukamwambia Shakir awashe taa nyekundu. Ukavuta pumzi kwa shida.

"Mama Shakir, nusa."

"Nini?"

"Imeondoka," ulisema. "Harufu imeondoka. Mtu akiingia hapa hatajua palikuwa na nini."

Shakir alitazama pembeni. Mkeo alikufunga shali shingoni. Jibu la neno lako hilo amelitafuta mwaka mzima.

Ulituacha alfajiri ya Ijumaa, kidole cha shahada kimenyooka. Inna lillahi wa inna ilaihi raji'un.

Wakati wa kutengeneza achari, Nusrat alifungua chupa ya siki jikoni. Mkeo alikuwa amempa mgongo mlango, anapanga maembe mabichi. Aligeuka. Aligeuka kabisa, akakutazama mahali ambapo ungekuwa umesimama, na mdomo wake ulikuwa umeshaanza kusema umechelewa leo. Nusrat aliifunika chupa. Mwaka huu nyumba yetu haikuwa na achari.

Mwezi uliopita ndipo tulipotafuta picha yako kwa ajili ya siku hii, na tukaona aibu, maana hatukuwa nayo. Kinyozi hajinyoi. Wewe uliyewaweka wote ukutani, kwetu ukuta ulikuwa mtupu, kwa sababu nyumba tunayoswalia hukutaka itundikwe sura, nasi tulikubali. Ile ya kitambulisho kila mtu anajua inafananaje, kama mtu aliyekamatwa. Mkeo akasema ipo moja. Mwaka wa kwanza wa ndoa, juu ya paa, ulimpa kamera mkononi ukamwambia bana pumzi, bonyeza. Hukuwahi kuichapa. Shakir aliitafuta ndani ya makopo ya filamu siku mbili, akaipata, imekwaruzika na imejaa vumbi la miaka.

Aliisafisha kwa kompyuta. Akachukua karatasi ya mwisho katika lile boksi la pamba ulilolifungua mwenyewe, akaichapa, akaileta nyumbani kwa mikono miwili kama ulivyokuwa ukizileta wewe. Nusrat alipokuona kijana, nywele zimepigwa na upepo, aliziba mdomo.

Mkeo alitazama muda mrefu. Akasema, "Si yeye."

"Amma, ni yeye."

"Kidoa chake kiko wapi?"

Walitazamana. Hawakukijua. Nusrat alikuwa tumboni na Shakir anatambaa ulipokiondoa kile kidoa cheusi chini ya jicho la kushoto, kilichokuwa kimetuna kama punje ya habasoda. Kamera ilikigusa kila ulipobana jicho, kikawa kinavuja damu, na tabibu wa sokoni alikifunga kwa uzi wa hariri mpaka kikaanguka. Kompyuta ilikikuta katikati ya vumbi, ikakifuta na vumbi. Haina kosa, hakuna aliyeiambia.

Mkeo akawaeleza wanawe jambo ambalo hajawahi kuwaeleza. Siku ya harusi alikuwa hajakuona. Waliwaketisha ubavu kwa ubavu chini ya shali moja, msahafu umefunguliwa mbele yenu, na kioo kikawekwa ili muonane humo kwa mara ya kwanza. Hakuthubutu kuinua macho yote. Aliyainua nusu, na kitu cha kwanza alichopewa na Mwenyezi Mungu kutoka kwako kilikuwa kile kidoa. Akakishika hicho, mpaka hofu ikapungua akafika machoni. Na siku ulipokifunga uzi hakusema neno, lakini kwa muda mrefu alikuwa akikutafuta usoni mwako akikukosa kidogo.

"Nitakirudisha," Shakir alisema. "Negativu inacho. Dakika moja tu kwenye kompyuta."

"Niletee burashi yangu."

Nusrat alisema polepole, "Amma, hakuna mtu mjini anayemjua Abba na kidoa. Watu watasema gazeti limedondosha wino."

"Waseme. Maisha yangu yote nimefuta madoa kwenye nyuso za watu. Doa moja nataka kuliweka."

"Na ukikosea? Karatasi hiyo ndiyo ya mwisho."

Mkeo alikuwa ameshapiga Bismillahi. Macho yake si yale, na mkono hautulii kama zamani, basi aliuegemeza kwenye kitako cha kikombe. Pamba inakunywa wino papo hapo, hairudishi. Aligusa mara moja.

Kikatoka cheusi mno. Kilikaa juu ya shavu lako kama inzi, kinang'aa. Nusrat akasema, "Amma, umemharibu." Mkeo mwenyewe aliiweka burashi chini. Uso pekee tuliokuwa nao, na ameuchafua kwa mkono wake.

Shakir akainama juu ya picha.

"Ngoja ikauke," alisema.

Aliisema kwa sauti yako. Hakukusudia. Wote watatu tuliendelea kuitazama picha, kila mmoja anaogopa kuwa wa kwanza kumtazama mwenzake.

Adhana ya alasiri ilipigwa. Mkeo akatawadha, akaswali, akakaa juu ya msala kupita kawaida yake. Aliporudi dirishani wino ulikuwa umekauka, umezama ndani ya pamba, umefifia mpaka pale pake, kana kwamba umetoka ndani na si nje. Hakuinua macho yote. Aliyainua nusu. Kidoa kilikuwepo. Akakishika hicho, kisha akapanda taratibu mpaka machoni, nawe ulikuwa humo, juu ya paa, ukimwambia abane pumzi.

Shakir amechukua nakala ya kuweka gazetini kutoka kwenye hiyo, ikiwa na alama ya burashi. Ndiyo mnayoiona. Yenyewe iko ndani ya sanduku, imefungwa kwenye shali yako.

Baba Shakir, watu wema wamekuja mwaka mzima kutuambia machozi nayo hukauka, ni suala la muda. Tunawaamini, ulitufundisha hivyo wewe. Tumengoja. Picha imekauka. Sisi bado.

Wanaokuombea na kukutaja kila baada ya sala ni mkeo, Bakhtawar; mwanao Shakir, ambaye bado anafungua duka saa zako; binti yako Nusrat na mumewe; ndugu yako Khuda Bakhsh, anayemwagilia mndimu; na Rafiq wa mgahawani, aliyesema aandikwe pamoja na familia kwa sababu chai yake uliinywa bure.

Khitma itasomwa nyumbani Ijumaa baada ya sala. Anayekuja na aje na jambo moja analokumbuka. Mwenyezi Mungu akupe nuru katika kaburi lako, wewe uliyewangoja watu gizani mpaka wakatokea. Hutatutoka moyoni, Baba Shakir, hata tutakapokauka.